Ajali haina kinga? Kisa cha swichi mbili zilizofanana

Najua nimepotea majuma kadhaa, kazi imenibana. Leo sitaandika habari za Linux wala hifadhidata kama kawaida yangu. Nataka tuzungumze juu ya ndege ndogo, zile za watu binafsi, na namna zinavyoanguka zikiwa tayari zimefika nyumbani. Vumilia kidogo, mwishoni utaona kwa nini mtu wa programu kama mimi nimeingilia mambo ya marubani.

Nilikulia South C, hapa Nairobi. Ukikaa South C huhitaji saa: ndege za Wilson zinakupitia juu ya paa tangu alfajiri. Kiwanja hicho kinaitwa Wilson kwa heshima ya Florence Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Tukiwa watoto tulisimama karibu na ua na kubishana ndege ipi ni ipi. Tulichokuwa tukitazama zaidi ni magurudumu. Ndege nyingi ndogo magurudumu yake yamening'inia saa zote, angani na ardhini. Nyingine zilikuja tumbo likiwa laini kama la samaki, halafu ghafla miguu ikachomoza. Hizo ndizo tulizozipenda. Sikujua wakati huo kwamba miguu hiyo ya kuchomoza ina historia ndefu ya kutia watu aibu.

Magurudumu yanayokunjwa yana faida moja kubwa. Gurudumu lililoning'inia linapingana na upepo, kwa hiyo linakula mafuta na kupunguza kasi. Likikunjwa ndani ya bawa au tumbo, ndege inateleza vizuri. Lakini ukishampa binadamu kitu cha kukunja na kukunjua, umempa pia nafasi mbili za kukosea. Ya kwanza ni kusahau kuyashusha kabla ya kutua. Ya pili ni ya ajabu zaidi: ndege imetua vizuri, inakimbia kwenye lami, rubani anashusha pumzi, kisha kwa mkono wake mwenyewe anakunja magurudumu. Ndege inalala kwa tumbo, propela inapinda, injini inasimama kwa kishindo. Mara nyingi hakuna anayeumia. Mlango unafunguliwa, watu wanatoka kwa miguu yao, na rubani anabaki amesimama kando akitazama mali iliyoharibika kwa sekunde tatu.

Utajiuliza, mtu mzima mwenye akili timamu anakunjaje magurudumu ya ndege iliyo ardhini? Jibu lilipatikana wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na aliyelipata hakuwa mhandisi.

Mwanasaikolojia katika chumba cha rubani

Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilikuwa na tatizo. Ndege zake kubwa za mabomu, B-17, zilikuwa zikirudi salama, zinatua, halafu zinalala kwa tumbo. Ripoti zilisema jambo lile lile kila mara: kosa la rubani. Ukisoma ripoti ya namna hiyo unafunga faili, kwa sababu mwenye makosa ameshapatikana. Unamkaripia, unamrudisha mafunzoni, unaendelea na vita.

Katika kituo cha Wright Field, jimbo la Ohio, kulikuwa na kijana aitwaye Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Yale. Aliulizwa suala hilo. Yeye hakuanza na rubani. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha rubani akatazama mbele yake.

Alichokiona ni swichi mbili, zimekaa bega kwa bega, zimefanana. Moja ilikuwa ya magurudumu. Ya pili ilikuwa ya flapu. Kwa asiyejua, flapu ni yale mapande ya nyuma ya bawa ambayo rubani huyashusha ili ndege iweze kuruka polepole bila kudondoka. Ukishatua, ni kawaida kuyarudisha juu. Sasa mfikirie rubani huyo. Ameruka saa nyingi juu ya Ulaya, amepigwa risasi, pengine ni usiku, amechoka, macho yake yako kwenye lami. Anapeleka mkono kwenye swichi ya flapu bila kutazama. Vidole vinagusa swichi. Ni ipi? Vidole havijui, maana zote mbili zinahisi vile vile.

Chapanis alikwenda mbele hatua moja, na hatua hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi. Alitazama ndege nyingine ya jeshi hilo hilo, C-47, ambayo marubani wake walikuwa wamesomea mambo yale yale na kuchoka vile vile. Katika C-47 vishikio vya magurudumu na flapu havikukaa pamoja wala havikufanya kazi kwa namna moja. Na marubani wa C-47 hawakuwa na ugonjwa wa kukunja magurudumu baada ya kutua. Kama tatizo lingekuwa uzembe wa marubani, uzembe huo ungeonekana kwenye ndege zote. Uzembe hauchagui ndege.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno hata inachekesha. Kwenye kishikio cha magurudumu alibandika kigurudumu kidogo cha mpira. Kwenye kishikio cha flapu akabandika kipande chenye umbo la kabari, kama bawa. Basi. Sasa hata gizani, hata ukiwa umechoka, vidole vyako vinakuambia umeshika nini. Tatizo likaisha. Hakuna rubani aliyefundishwa upya wala kukaripiwa.

Leo kanuni za Marekani kwa ndege kubwa za abiria zinaeleza hata umbo la vishikio hivyo: cha magurudumu kifanane na gurudumu, cha flapu kifanane na bawa. Ukipata nafasi ya kuchungulia chumba cha rubani cha ndege ya abiria, tafuta kigurudumu hicho kidogo. Utakiona.

Makosa 460

Baada ya vita, wanasaikolojia wengine wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walifanya kazi ambayo kila anayetengeneza programu angepaswa kuijua. Waliwaomba marubani wasimulie makosa waliyowahi kufanya au kuyaona katika kutumia vishikio vya ndege. Walikusanya visa 460 na kuvichapisha mwaka 1947. Angalia kwamba katika kichwa cha ripoti yao maneno "kosa la rubani" waliyaweka ndani ya alama za kunukuu. Tayari walikuwa wameanza kuyatilia shaka.

Walipovipanga visa hivyo katika mafungu, karibu nusu vilikuwa vya aina moja: mtu alishika kitu kimoja akidhani ni kingine. Kuchanganya flapu na magurudumu kulikuwa miongoni mwa yaliyojitokeza sana. Na jambo la pili walilolisema ni zito zaidi: makosa haya waliyafanya karibu marubani wote, wazoefu na wageni. Hakukuwa na kundi la watu fulani wazembe ambao ukiwafukuza shida imekwisha.

Kwa hiyo kufikia 1947 elimu ilikuwa imeshapatikana na kuchapishwa. Ungedhani hadithi inaishia hapo, sivyo? Haikuishia hapo.

Bonanza

Mwaka huo huo wa 1947 kampuni ya Beech ilianza kuuza ndege ndogo ya kibinafsi iitwayo Bonanza. Ilikuwa ndege ya kutamanisha: ya haraka, nzuri, mkia wake una umbo la herufi V, magurudumu yanakunjwa kwa umeme. Madaktari, mawakili na wafanyabiashara wa Marekani waliinunua, kisha ikasambaa duniani.

Ndani yake, swichi ya flapu ilikuwa upande wa kushoto wa katikati na ya magurudumu upande wa kulia. Peke yake hilo si kosa. Lakini watengenezaji wengine walikuwa wakielekea kwenye mpango ulio kinyume chake: magurudumu kushoto, flapu kulia. Rubani aliyejifunzia ndege nyingine akinunua Bonanza, mikono yake ilikuja na mazoea ya zamani. Anatua, anataka kurudisha flapu, mkono unakwenda kulia kama ulivyozoea. Kulia kuna magurudumu.

Ni sawasawa na kumbadilishia mtu kibodi usiku bila kumwambia. Atakuwa anajua kusoma, anajua herufi zote, lakini vidole vitaandika upuzi.

Wahandisi walikuwa wameweka kinga. Kwenye mguu wa ndege kuna swichi ndogo inayohisi uzito. Ndege ikikalia magurudumu yake, mguu unabonyea, swichi inakata umeme wa kukunja. Kwa lugha yetu ya programu: kama uzito upo, kataa amri. Nzuri kabisa kwenye karatasi. Lakini ndege iliyotoka tu kugusa lami bado inakimbia, mabawa bado yananyanyua, na mguu unaweza kuwa haujabonyea vya kutosha. Kwa sekunde hizo chache swichi inaamini kwamba ndege iko angani. Na sekunde hizo ndizo hasa rubani anapopeleka mkono kwenye flapu. Kinga ilikuwa imelala wakati ule ule mwizi anapopita. Sisi watu wa programu tunawajua wadudu wa aina hii: sharti lako ni sahihi, ila thamani unayoisoma imechelewa.

Mwaka 1980 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa ripoti maalumu juu ya ajali hizi za kukunja magurudumu katika Bonanza, ndugu yake Baron mwenye injini mbili, na ndege nyingine ndogo. Iligundua kwamba ndege hizo za Beech zilikuwa na ajali hizi kupita kiasi ukilinganisha na wingi wao. Na katika kichwa cha ripoti ajali zenyewe ziliitwa ajali zinazosababishwa na muundo. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilibadilisha mpango wa swichi katika ndege mpya, zikafuata utaratibu wa wenzao.

Hebu hesabu. Chapanis alikaa kwenye kiti cha B-17 mwaka 1943. Ndege ndogo za raia zilirekebishwa zaidi ya miaka 40 baadaye. Elimu haikukosekana. Ila kila ajali ilipotokea kulikuwa na mtu mmoja mkononi, mwenye jina na leseni, wa kubebeshwa lawama.

Honi, orodha, na mashine zinazojua zaidi

Je, na wale wanaosahau kabisa kushusha magurudumu? Hapo dawa zimejaribiwa nyingi.

Ya kwanza ni honi. Ukipunguza nguvu za injini kana kwamba unatua, na magurudumu hayajashuka, honi inalia. Marubani wana utani wa zamani: mmoja alitua kwa tumbo huku mnara wa kuongozea ndege ukimpigia kelele redioni, na alipoulizwa mbona hakusikia akajibu kwamba kulikuwa na honi inapiga kelele mno. Ni utani, lakini akili ya binadamu hufanya hivyo kweli. Ikizidiwa na kazi, inafunga masikio. Ndiyo yale madirisha ya kompyuta ya "Una hakika?" Ulipoliona mara ya kwanza ulilisoma. Mara ya mia, kidole kilibonyeza "Ndiyo" kabla jicho halijafika.

Ya pili ni orodha. Mwaka 1935, tarehe 30 Oktoba, hapo hapo Wright Field, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilipaa na kuanguka kwa sababu kufuli la usukani wa mabawa na mkia halikuwa limefunguliwa. Rubani Ployer Hill alikufa, na Leslie Tower wa Boeing akafariki baadaye kutokana na majeraha. Ndege yenyewe haikuwa na hitilafu. Ilikuwa na mambo mengi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kubeba. Tangu hapo orodha ya kukagua hatua kwa hatua ikawa desturi. Na ndege hiyo ndiyo iliyozaa B-17, ile ile ya Chapanis. Orodha inasaidia sana, lakini inakatizwa. Rubani yuko katikati ya orodha, mnara unamwita, anajibu, anarudi, anaanzia chini kidogo ya pale alipoachia.

Ya tatu ni kumwachia mashine. Mwaka 1967 kampuni ya Piper ilitoa ndege iitwayo Cherokee Arrow, ambayo iliweza kushusha magurudumu yenyewe ikihisi kasi imepungua na injini haivuti. Safi! Lakini fikiria injini imezimika angani na wewe unataka kuteleza mbali kadiri iwezekanavyo kufikia uwanja ulio mbele. Mashine nayo inaona: kasi ndogo, injini kimya, huyu anatua. Inakushushia magurudumu, upepo unayakamata, unafika chini mapema kuliko ulivyotaka. Kulikuwa na namna ya kuizuia, bali ilimpasa rubani aikumbuke katika dakika mbaya kuliko zote. Katika miaka ya 1980 kampuni ikawashauri wenye ndege wauondoe mfumo huo.

Na ziko ndege zinazotua nchi kavu na majini pia. Hizo kwenye lami magurudumu yakiwa juu ni aibu na hasara. Majini magurudumu yakiwa chini ni hatari kubwa zaidi: yanakamata maji na ndege inaweza kupinduka na watu ndani. Kwa hiyo hakuna hali moja iliyo sahihi daima. Inategemea unakwenda wapi, na hilo mashine haliwezi kulisoma moyoni mwako. Ndiyo maana ndege kama hizo huwekewa kifaa kinachomsemesha rubani kwa maneno, kikimtajia magurudumu yako wapi na yanafaa kutua wapi, kisha kinamwachia uamuzi.

Ya nne ni ile ya Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956: magurudumu hayakunjwi. Kwisha maneno. Unapoteza kasi kidogo, unapata ndege ambayo huwezi kusahau kuishusha miguu. Zimetengenezwa zaidi ya 44,000, hakuna ndege nyingine iliyofikia idadi hiyo. Zile ndege za Wilson tulizozidharau utotoni kwa kuwa miguu yake imening'inia, kumbe zilikuwa zimeshaumaliza mjadala.

Sasa kilichonileta

Miaka mingi iliyopita niliandika programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Ilikuwa programu yangu ya kwanza ya kulipwa na nilijivunia. F9 ilihifadhi malipo ya mwanachama. F10 ilifunga mwezi: inakokotoa riba, inakata mikopo, inasonga mbele. Hairudi nyuma. Tazama kibodi yako sasa uone F9 na F10 ziko wapi.

Tarehe 19 ya mwezi mmoja, karani, mama wa makamo aliyekuwa dirishani kwa miaka mingi, alifunga mwezi katikati. Foleni ilikuwa imefika nje. Wanachama walikatwa mikopo kabla ya mishahara. Nilikaa siku nne nikirekebisha, na mwishoni niliandika ripoti. Chini ya neno "Chanzo" niliandika maneno matatu: kosa la mtumiaji. Sikufikiri mara mbili. Kumbukumbu za programu zilionyesha wazi jina lake na saa aliyobonyeza.

Mama akatolewa dirishani akapelekwa chumba cha faili, na posho yake ikakatwa.

Miezi sita baadaye kijana mwenye diploma ya kompyuta, aliyewekwa mahali pake, alibonyeza F10 tarehe 23.

Wakati huo nilikuwa bado sijamsikia Chapanis. Nilihamisha ufunguo ule, nikaweka sharti la kuandika jina la mwezi kwa herufi kabla ya kufunga, na tatizo likaisha. Lakini ile ripoti yangu ya kwanza ilibaki kwenye faili. Nilikuja kusoma kisa cha B-17 mwaka uliofuata, usiku, na sikulala vizuri. Mimi ndiye niliyeweka swichi mbili zinazofanana bega kwa bega, na mimi ndiye niliyeandika kosa la rubani.

Niliandika barua kwa kamati kusahihisha ripoti yangu. Kisha nikaenda chumba cha faili.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuomba msamaha. Lile kosa lilikuwa langu."

Alinitazama kwa muda. "Marahaba mwanangu. Mimi nilijua kidole changu hakikuwa na nia hiyo. Lakini wewe ndiye uliyesomea kompyuta. Ningesema nini?"

Alirudishwa dirishani. Posho ya miezi ile hakurudishiwa.

Tangu mwaka 1976 Marekani ina mpango unaosimamiwa na NASA ambapo rubani aliyekosea anaweza kuandika kisa chake kwa siri, na kwa makosa yasiyo ya kusudi anapata kinga fulani dhidi ya adhabu. Waligundua kwamba mtu anayeogopa kupoteza kazi hatakuambia swichi zako zimefanana. Atanyamaza kama mama yule alivyonyamaza, na wewe utaendelea kuuza programu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa heshima zote, nadhani hapa walimaanisha zile ajali ambazo hazijachunguzwa. Marubani nao wana msemo wao: wako waliokwisha kutua bila magurudumu, na wako ambao zamu yao haijafika. Hujafa hujaumbika. Tukubali hivyo, kwamba kila mtumiaji wetu atakosea na sisi tutakosea, halafu tutengeneze vitu tukilijua hilo.

Siku hizi mteja akinipigia simu kwamba mtu wao "ameharibu", huwa naomba jambo moja kabla ya kuandika chochote. Naomba nikae kwenye kiti cha mtu huyo, saa ile ile ya foleni, na mikono yangu kwenye kibodi yake.

Haya, kwaherini kwa leo. Kesho ni siku ya kazi.